Mashine ya Mjomba

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu waachie vitu vyao. Sikuwa mkali, nilikuwa na projekta, chai na vitumbua. Nilikuwa afisa uhamasishaji wa asasi moja ndogo mjini Masasi, isiyo ya serikali wala ya kutafuta faida, iliyoamini kwamba michoro ya mashine haipaswi kufungiwa kabatini. Mtu akibuni pampu, jiko au kikaushio, mchoro wake uwekwe wazi kwenye intaneti, na kila mwenye chuma na akili auchukue, auige, auboreshe, mradi amtaje aliyebuni. Sisi tuliviita vifaa huria. Watu wa warsha zangu waliviita vya bure, wakaniuliza vinagawiwa lini.

Kinyozi hajinyoi. Ofisi yetu ilikuwa na mlango wa mbao, mlango wa nondo na kufuli mbili. Siku niliyohitaji mchoro wa kikaushio chetu wenyewe, ule uliokuwa wazi kwa dunia nzima, intaneti ilikuwa imekata na nakala ilikuwa kwenye kabati la mkurugenzi. Kulikuwa na fomu ya kuombea nyaraka. Niliijaza, nikasaini kama mwombaji, kisha nikasaini tena kwa niaba ya mkurugenzi kama mtoaji, halafu nikagundua kwamba ufunguo wa kabati amesafiri nao. Alikuwa Dar es Salaam, kwenye mkutano kuhusu uwazi.

Simsemi vibaya mkurugenzi wetu. Alikuwa mtu mwema, msemaji mzuri, na aliamini kila alichokisema hadi mwisho wa mkutano. Tatizo letu lilikuwa jingine. Michoro yote tuliyoihubiri ilitoka nje, na wafadhili walianza kuuliza kwa upole: je, huko Kusini hakuna mtu aliyebuni chochote? Tulikuwa tunawahimiza watu watoe kilicho chao, na sisi tulikuwa hatujawahi kutafuta walicho nacho.

Jibu nililipata Chiwata. Baada ya warsha, wakati nakunja kitambaa cheupe cha projekta, mama mmoja mwenyekiti wa kikundi alinivuta pembeni. "Mwanangu," akaniambia, "hayo majiko yako ya ukutani mazuri. Ila ukitaka mashine ya kweli panda Newala, ulizia pale stendi. Kuna fundi katengeneza ya kubangulia korosho. Mkewe siku hizi ana mikono kama ya mwalimu."

Kwa asiyejua: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Akina mama wanaobangua nyumbani hujipaka majivu, hugonga korosho moja moja kwa kipande cha mti, na hata hivyo mikono huwa myeusi, hubambuka, huota ngozi mpya, nayo hubambuka. Nilikuwa nimekula korosho kwenye vikao miaka yote hiyo bila kuuliza nani kazivua ganda.

Nikapanda Newala kesho yake, kwa barabara ambayo nusu yake ilikuwa lami na nusu ilikuwa ahadi. Karakana niliipata kwa mlio wa chuma, hatua chache kutoka stendi. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mpole kupita kiasi, mikono imejaa alama za cheche. Alinipa kigoda, akamwita mkewe, akanionyesha.

Mashine yenyewe ilikuwa fupi kama cherehani. Unaketi, unakanyaga pedali ya baiskeli, makali mawili yaliyopinda kama korosho ilivyopinda yanaibana kwa upole, unavuta mpini, ganda linafunguka, kiini kinatoka kizima. Mkono haugusi mafuta. Alikuwa ameitengeneza kwa misimu mitatu. Alianza siku mkewe alipokwenda kusajili laini ya simu, wakamwekea kidole gumba kwenye kile kifaa cha kusoma alama, wakarudia, wakajaribu vidole vyote kumi, kisha dada wa kusajili akamwambia, "Mama, vidole vyako havisomeki." Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba serikali imemtafuta mikononi mwake haikumwona.

Alinisimulia mkewe mwenyewe, anacheka. Mimi sikucheka. Nilihisi, kwa mara ya kwanza katika kazi ile, kwamba nina kitu cha kufanya.

Nikatoa fomu. Fomu yetu ilikuwa na sehemu nyingi za vipimo na mstari mmoja wa jina la mbunifu. "Mbunifu nani?" nikauliza, kalamu tayari.

Fundi alikuwa amechuchumaa anafuta makali kwa kitambaa. Hakuniangalia. Aliangalia mlangoni, ambako mjomba wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, redio mapajani.

"Ya njomba hiyo," akasema.

"Namaanisha aliyeifikiria. Aliyekata chuma."

"Karakana ya njomba, dada. Mashine ya kuchomelea ya njomba. Na mimi mwenyewe kanilea njomba."

Nikamgeukia mzee, nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Eti hii mashine umeibuni wewe?"

Akapunguza sauti ya redio. Alikuwa na mikono laini, haina hata alama moja ya cheche. "Watoto wanafanyafanya," akasema. "Andika tu."

Mimi natoka Singida, ambako mtoto ni wa baba na mali huenda kwa baba. Huku juu Newala, kwa Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno: ndiye anayelea, anayeozesha, anayegawa. Mpwa kusema "hii yangu" mjomba akiwa amekaa mlangoni ni sawa na kutia mkono kwenye sahani wakati mkubwa bado ananawa. Hilo nilielezwa baadaye. Lakini kwamba yule mzee hakuibuni ile mashine, hilo nilijua palepale. Naomba lisomwe vizuri, kwa sababu kuna vikao nilivyojifanya sikujua. Nilijua. Ila ripoti ilitakiwa Ijumaa na mstari ulikuwa mmoja. Nikaandika jina la mjomba.

Mchoro ulipanda kwenye intaneti, na dunia ikaupenda. Baruapepe zilikuja kutoka nchi ambazo ilibidi nizitafute kwenye ramani. Mtu mmoja wa mbali sana alituma picha ya mashine ileile, imepakwa rangi ya machungwa, anabangulia njugu za kwao ambazo sijui zinaitwaje, na akaomba tumfikishie mjomba heshima zake. Mkurugenzi alitusomea ujumbe ule mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama.

Mjomba akawa mgeni rasmi. Tulimpa cheti chenye fremu na tisheti iliyoandikwa MAARIFA NI YA WOTE, ambayo aliivaa juu ya kanzu. Hotuba yake ya kwanza, Masasi, ilikuwa fupi: alisema anashukuru, akakaa. Nilimpenda siku ile. Ya pili, Nanganga, alisema alisikia uchungu kuona mikono ya kina mama. Kufika ya tatu wazo alikuwa nalo tangu utotoni, ila chuma kilikuwa hakijafika Newala. Nyuma yake, kila mara, fundi alikuwa anakanyaga pedali, na mimi, kwa kipaza sauti, namtambulisha kama msaidizi.

"Hukereki?" nilimuuliza siku moja tunapakia mashine kwenye gari.

"Heshima si utumwa, dada," akasema. "Njomba anafurahi. Acha afurahi."

Nilikereka mimi kwa niaba yake, jambo ambalo ni rahisi na halichoshi.

Kisha watu wa barabara wakapita Newala na rangi nyekundu. Karakana ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na alama ya X ikapigwa ukutani, kubwa, juu ya bango la bei za kuchomelea. Mjomba akawa na miezi miwili ya kubomoa mwenyewe. Alikuwa mzee, hakuwa na haja ya karakana nyingine. Fundi ndiye aliyekuwa nayo. Bila paa na umeme hawezi kuchomelea, na asipochomelea ni mkulima wa ekari moja ya mikorosho ya kuazima.

Bahati ikajitokeza, au kitu kilichofanana nayo. Kwenye eneo jipya la viwanda vidogo pale Newala palikuwa na vibanda vya saruji, na kimoja, chenye umeme, kilitengwa kwa ajili ya "mbunifu anayetambulika". Kamati ingeangalia nyaraka, kisha ingekuja kuiona mashine. Na nyaraka zote duniani, kuanzia cheti cha ukutani hadi intaneti yenyewe, zilisema mbunifu ni mjomba. Kibanda kikiandikwa jina la mjomba, kila mtu Newala alijua kitakwenda wapi: kwa mpwa mkubwa, kaka yake fundi, mfanyabiashara wa saruji, ambaye tayari alikuwa amekwenda kupima mifuko mingapi itaingia.

Fundi akaja Masasi. Alifika ofisini asubuhi, amevaa shati la Ijumaa, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Naomba barua," akasema.

"Ya kusema wewe ndiye uliyebuni? Nitaiandika sasa hivi."

Akashtuka kama nimemtukana mtu. "Hapana, dada! Njomba asitajwe kabisa. Andika tu kwamba mimi naruhusiwa kuitengeneza."

Nikamweleza kwamba haruhusiwi na mtu, maana hakuna anayemkataza. Kwamba ndiyo maana nzima ya vifaa huria. Kwamba hata yule bwana wa rangi ya machungwa hakuomba. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ileile ya watu wa warsha zangu.

"Sawa," akasema. "Lakini kamati inataka barua yenye muhuri."

Mkurugenzi alipopelekewa jambo hili alifikiri sana, akakataa kubadilisha jina kwenye mchoro, kwa sababu cheti kilikwisha kupigwa picha na picha ilikwisha kwenda kwa wafadhili. Barua, hata hivyo, alikubali. Aliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili kizuri, na kuipiga muhuri. Ilisema kwamba asasi yetu haina pingamizi, na kwamba mhusika ana haki ya kuunda mashine tajwa kama mtu mwingine yeyote ulimwenguni.

Fundi aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. "Kama mtu mwingine yeyote," akarudia. Akaikunja mara nne. "Asante, dada. Hapa hamna uongo."

Nilitoka nje kwenda kununua vocha ambayo sikuihitaji. Niliona aibu, na aibu ile haikuwa ya asasi, ilikuwa yangu. Kalamu iliyoandika jina niliishika mimi.

Kamati ilikuja Newala siku ya Jumanne: afisa mmoja mwanamke, mkali, mwenye miwani, na wenzake wawili waliokuwa wanaangalia simu. Mimi nilikwenda kuiwakilisha asasi, na moyoni nilikuwa nimeapa kusema ukweli nikiulizwa. Karakana ilikuwa imeanza kubomolewa, bati za upande mmoja zimeshatolewa, jua linaingia moja kwa moja. Mjomba alivaa tisheti yake. Mpwa mkubwa alisimama karibu naye, karibu kabisa, kalamu mfukoni. Fundi alikuwa pembeni na mkewe, na majirani walijaa hadi barabarani.

Afisa alipitia cheti. Alipitia picha za intaneti. Barua yetu aliisoma, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akairudisha. Kisha akafanya jambo ambalo mimi na warsha zangu zote hatukuwahi kulifikiria.

"Vizuri," akasema. "Sasa mbunifu aionyeshe."

Mjomba akasimama. Akaikaribia mashine, akaizunguka mara moja, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya kupanga. Hakuwahi kuketi pale. Akaketi. Akaweka korosho, kubwa kupita zote bakulini, akakanyaga kwa nguvu. Makali yakaing'ata, yakakwama. Akavuta mpini, mpini ukakataa. Jasho likamtoka mzee kwenye paji la uso, akalifuta kwa tisheti.

Nikafungua mdomo. Nakumbuka sentensi yangu ilianza na "Samahani, mheshimiwa." Fundi aliniangalia mara moja tu, na sikuimaliza.

Alikwenda akapiga goti kwenye pedali, mbele ya mjomba wake, akaanza kulegeza nati kwa spana. "Ndiyo, njomba," akasema kwa sauti ya kusikika. "Njomba anatufundishaga tuanze na ndogo. Anasema kubwa hupanuliwa makali kwanza, nafasi iwe upana wa kucha." Mjomba hakuwa amesema lolote. Korosho ikatoka. Fundi akaweka ndogo, akauongoza mguu wa mzee kwa mkono wake. "Njomba anasema usikanyage kwa hasira, ikanyagie kama unaamsha mtoto." Mguu ukashuka taratibu. Mpini ukaja. Kiini kikaanguka kwenye kiganja cha mjomba, cheupe, kizima.

Watu wakapiga makofi. Mkewe fundi hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa na mikono yake ameificha ndani ya kanga. Mimi nilikuwa na hasira hadi masikio yananiuma. Misimu mitatu ya kazi ilikuwa inatolewa zawadi mbele yangu, kwa goti moja, ili mzee mmoja asiaibike dakika tano.

Afisa akafungua daftari. "Kwa hiyo kibanda tuandike jina la mzee?"

"Au la mwakilishi wake," mpwa mkubwa akasema, akasogea mbele, akatoa kalamu.

Mjomba alikuwa bado anaangalia ile korosho kiganjani. Akaitia mdomoni. Akatafuna polepole hadi mwisho, kamati imesimama, hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Mwandikeni huyu," akasema.

"Huyu nani, mzee?"

"Huyu hapa chini. Huyu aliyenisikia nikisema mambo ambayo sijawahi kuyasema."

Kicheko kilianzia kwa majirani, kikafika kwa kamati, na wale wawili wakainua macho kutoka kwenye simu. Afisa mwenyewe alivua miwani. Mjomba hakucheka. Aliweka mkono kichwani kwa fundi, kwa uzito, kama anavyowekewa mtu anayeozeshwa. "Mashine nimempa mimi, mbele yenu wote. Asije mtu wa ukoo akamsumbua." Alisema hayo akimwangalia mpwa mkubwa, ambaye alirudisha kalamu mfukoni.

Fundi, akiwa bado ameinama, akashukuru. Alimshukuru mjomba wake kwa kumpa mashine aliyoitengeneza mwenyewe. Alishukuru kwa Kiswahili kwa ajili ya kamati, kisha kwa Kimakonde, kwa maneno marefu ambayo sikuyaelewa.

Alinisindikiza stendi. Njiani nilikuwa najipanga, na tulipofika nikamwambia nilichoona ni deni langu: kwamba nitabadilisha jina kwenye mchoro, mkurugenzi atake asitake, kwamba mjomba amekwisha kusema, kwamba sasa dunia nzima itajua mashine ni ya nani.

"Usibadilishe," akasema.

"Kwa nini? Ni yako! Umeitengeneza wewe. Hakuna aliyekupa."

Alitabasamu, akanipokea mkoba, akauweka kwenye kiti changu dirishani kama ninavyowekewa siku zote.

"Dada, karatasi yenu imezunguka dunia nzima inasema mashine ni ya kila mtu. Njomba ndiye mtu wa kwanza kusema ni yangu."